Kabla Barabara ya Hinterau Kufungwa

Watu wa kwetu wakisikia kwamba ninahudumia wazee huku Birmingham, swali lao la kwanza huwa lile lile, na huliuliza wakiwa wamekunja pua: kwani wewe huoni kinyaa? Wanafikiria nepi, matapishi, meno ya bandia ndani ya glasi. Hayo niliyazoea mwaka wa kwanza. Mkojo ni mkojo tu, ukiufuta umekwisha. Kinyaa kilichonikaa kooni Februari ile kililetwa na picha za theluji.

Mzee wangu aliitwa Roy Hodgetts, miaka themanini na minne, nyumba yake Erdington, hatua chache kutoka barabara ya maduka. Alikuwa amefunga injini maisha yake yote katika kiwanda cha magari cha Longbridge, na kila majira ya baridi yeye na wenzake walikodi basi wakaenda milima ya Alps kuteleza kwa skii. Mimi nilidhani mchezo ule ni wa mabwanyenye. Kumbe hata fundi wa injini anaweza kukaa ndani ya basi mchana kutwa na usiku kucha ili akajitupe kutoka mlimani huku amejifunga mbao miguuni. Mkewe alishafariki. Alibakiwa na mtoto mmoja, Neil, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, ambaye mzee alimfundisha kuteleza akiwa na miaka sita katika kijiji cha Austria kiitwacho Hinterau.

Na Februari hiyo, ini la mzee likiwa limeliwa na saratani na madaktari wamemrudisha nyumbani akafie kitandani mwake, Neil alikuwa wapi? Hinterau. Ni kweli kwamba Krismasi madaktari walisema mzee ana miezi mitatu, huenda minne. Ni kweli pia kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyemsukuma aende. Hayo niliyajua, lakini sikuyapa uzito wowote. Mimi nilimwona mtu aliyemwacha baba yake na mgeni akaenda kucheza.

Kila asubuhi, nikishamlisha vijiko viwili vitatu vya uji, mzee alinyoosha kidole kwenye tableti. "Soma," aliniambia. Basi mimi, Nyambura wa Murang'a, niliyeishi Perry Barr huku Birmingham miaka mitano na bado nachukia hata barafu ya kwenye friji, nilimsomea taarifa ya theluji ya Hinterau: sentimita ngapi kileleni, ngapi bondeni, lifti ngapi ziko wazi, upepo wa kasi gani, na hatari ya maporomoko ya theluji iko daraja la ngapi kati ya matano. Theluji ikiwa laini na kavu wanaiita unga. Kwetu unga unapikwa ugali watu wakashiba. Hawa wanaulalia, wanaugaragaria, wanaupigia picha.

Jumanne taarifa ilianza vizuri. Jua, lifti zote wazi, hatari daraja la pili. Chini yake palikuwa na maandishi mekundu: dhoruba kubwa ingeingia Jumatano jioni, theluji zaidi ya mita moja ingeanguka, na barabara ya bondeni huenda ikafungwa.

Mzee alifumbua macho. "Barabara yenyewe ni moja tu," alisema. "Ikifungwa, imefungwa. Mwaka mmoja tulikaa siku sita tukila viazi. Mtu anayetaka kutoka Hinterau atoke kabla ya Jumatano saa sita mchana."

Hakusema Neil atoke. Alisema mtu. Kisha akageukia ukutani.

Saa moja baadaye akaja Sista Gurmeet, nesi wa wilaya, kumbadilishia mzee ile mashine ndogo ya dawa ya maumivu. Sista Gurmeet ni Singasinga aliyezaliwa Nakuru. Wazazi wake walimleta huku akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, akaja na Kiswahili chake cha dukani, na tangu siku ile hajakipiga pasi. Akanivuta kwenye korido.

"Nyambura, huyu mzee hamalizi hii wiki. Kijana yake anajua?"

"Anajua ni mgonjwa, Sista."

"Mgonjwa alikuwa Christmas. Sasa anakufa. Nipe number nimpigie saa hii."

"Sista, aki niachie mimi. Ananijua, tunaongea kila wiki. Wewe utamshtua."

"Ashtuke, kwani nini? Lakini sawa. Leo, umesikia? Si kesho."

Nikaahidi. Ukweli ni kwamba sikutaka ampigie yeye. Sista Gurmeet hutaja kifo kama mtu anayekusomea saa za treni, na jambo hilo lilikuwa likinichukiza tangu siku ya kwanza.

Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu. Baba yangu alipofariki, kaka yangu Ngugi alinipigia simu nikiwa kazini Thika. Aliniuliza kuhusu kazi, kuhusu mvua, kuhusu mtoto. Kisha akasema, "Mzee hajisikii vizuri sana. Amekuulizia. Ukipata nafasi, jaribu ufike." Nilivua aproni nikatoka bila kuaga, nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Hakuna aliyeniambia amekufa, na sikuhitaji kuambiwa. Tangu nikiwa mdogo nilijua maana ya mtu mzima kupunguza sauti kwenye simu.

Basi nikampigia Neil hivyo hivyo. Nikamsalimu, nikamuuliza hoteli ikoje, chakula kikoje, marafiki zake wazima? Kisha nikapunguza sauti. "Baba yako hajisikii vizuri sana wiki hii," nikamwambia kwa Kiingereza. "Anakula uji kidogo. Anakuulizia. Ukipata nafasi, jaribu ufike."

Nikafumba macho, nikamwonea huruma. Nilijua lile neno limeshamfikia.

"Maskini mzee wangu," akasema Neil. "Mwambie nitafika Jumapili kama tulivyopanga. Picha anazipata?"

"Anazipata."

"Safi sana. Asante, Nyambura."

Nilikaa na simu mkononi nikiiangalia. Jumapili! Nimemwambia baba yake yuko njiani kuondoka, naye ananiambia Jumapili. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka moto. Nilimfikiria akirudisha simu mfukoni na kufunga zipu, nikaona kinyaa kama niliyekanyaga kitu laini gizani.

Jumatano picha zikaja tatu. Ya kwanza, Neil amevaa miwani ya rangi ya chungwa, ulimi nje kama mbuzi. Ya pili, glasi ya bia juu ya meza iliyojaa theluji. Ya tatu, yeye akishuka mlimani, nyuma yake anga la buluu na kwa mbali mstari mweusi wa mawingu. Chini aliandika: theluji bora kwa miaka kumi, muonyeshe baba! Ilikuwa saa nne asubuhi. Barabara ilikuwa wazi, nilikuwa nimetoka kuisoma taarifa dakika chache zilizopita. Alikuwa na saa nzima, saa mbili, saa za kutosha kufungasha na kushuka, naye anatoa ulimi.

Niliwahi kumsafisha mzee kuanzia shingoni mpaka visiginoni nikiimba. Siku ile kushika tu ile tableti kuliniuma vidole. Nilimwonyesha mzee picha kwa sababu ndiyo kazi yangu. Aliangalia ile ya tatu muda mrefu.

"Bado anakunja magoti akiwa amechelewa," akasema, akatabasamu.

Tabasamu lile lilinimaliza. Wakati wa chakula cha mchana nikaandika katika kikundi cha maombi cha ushirika wetu: wapendwa, tuombee watoto waliozaliwa bila moyo. Watu thelathini na saba wakaweka alama ya mikono iliyokunjwa. Nikajisikia vizuri, na leo nikilikumbuka hilo natamani kujitapikia.

Jumatano yote ikapita. Sikumpigia tena. Nilijiambia, nimbembeleze aje kumzika baba yake mwenyewe? Wacha anywe bia yake.

Alhamisi nikamsomea mzee taarifa huku anapumua kwa vituo. Lifti zote zimefungwa. Upepo kilomita mia moja na kumi kwa saa. Sentimita sabini zimeanguka, na bado. Hatari daraja la tano, watu wasitoke hotelini. Barabara ya bondeni imefungwa pande zote mbili.

"Yuko huko juu?" akauliza.

"Yuko huko juu, Mzee."

Akageukia ukutani tena.

Sista Gurmeet akaingia akipangusa mvua mabegani. Akamtazama mzee, akamshika mkono, kisha akatoka na mimi koridoni. "Kijana amefika?"

"Amekataa, Sista. Nilimwambia Jumanne, akasema atakuja Sunday."

"Amekataa?" Akakunja uso. "Ulimwambiaje?"

Nikamwambia, kwa uchungu wote, na lile la miwani na ulimi.

"Ngoja. Acha picha. Maneno uliyomwambia. Sema kwa English, vile vile."

Nikayasema. Baba yako hajisikii vizuri sana wiki hii. Anakula uji kidogo. Anakuulizia. Ukipata nafasi. Nilipofika hapo nilikoma, maana Sista Gurmeet alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Nyambura," akasema. "Mimi nimezaliwa Nakuru. Mimi ningejua. Hata marehemu baba yangu kwa duka yake angejua. Huyu mtu ni wa Erdington! Umemwambia mzee anakula porridge. Yeye atajuaje?"

"Lakini nilimwambia anamuulizia!"

"Na baba hawezi kuulizia mtoto wake akiwa mzima?"

Sista akachukua simu yangu, akapiga, akaweka sauti ya nje. "Neil, naitwa Gurmeet, nesi wa baba yako. Baba yako anakufa. Ni leo au kesho. Pole sana."

Tulisikia upepo ukigonga dirisha huko aliko. Kisha sauti ndogo, haikuwa ya mtu wa miaka hamsini na mbili. "Nyambura alisema anakula."

Siku ile nzima alihangaika. Alipigia simu polisi, akapigia kampuni ya helikopta, akamwomba mwenye hoteli amtafutie gari la kusukuma theluji. Wote walimjibu kitu kimoja: haiwezekani. Saa tisa akatupigia kwa video. Nikamsogezea mzee tableti. Neil alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango na viatu miguuni, koti mwilini, begi mgongoni.

"Theluji ikoje?" mzee akauliza. Ilibidi aulize mara mbili.

"Mita moja na nusu, baba. Na upepo. Huoni hata mkono wako."

"Usishuke."

"Baba, naweza kujaribu kwa skii, kupitia msituni..."

"Usishuke," mzee akasema tena, na kwa namna fulani akapata nguvu ya kuinua kidole. "Juu ya msitu ndiko theluji inakoporomoka kwanza. Vua begi."

Neil akavua begi. Alilia bila kujificha, na mimi niliyeshika tableti nilitaka ardhi inimeze. Mtu huyu niliyemwona takataka alikuwa tayari kupita katikati ya maporomoko kwa miguu yake. Alihitaji tu mtu wa kumwambia, Jumanne, kwa maneno manne: baba yako anakufa, njoo.

Mzee Roy alifariki Ijumaa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono mimi. Barabara ya Hinterau ilifunguliwa Jumamosi mchana.

Neil alifika Jumapili, siku ile ile aliyosema. Alinikuta jikoni nikifunga dawa zilizobaki ili zirudishwe. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Nilisimama nikingoja anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote. Badala yake alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante," akasema. "Wewe ulinipigia. Uliniambia ananiulizia. Mtoto gani anasikia maneno kama hayo halafu anabaki kunywa bia? Nimekuwa nikijiuliza njia nzima. Mtoto gani?"

Alikuwa amejibebesha mzigo wote, ameufunga na kamba. Ningenyamaza, ningempigapiga begani nikasema pole, na yeye angeishi na swali lile mpaka azeeke. Kwetu mfiwa haongezewi maneno. Ningekuwa na sababu nzuri, ya adabu kabisa, ya kufunga mdomo. Nilipoiona sababu ile nilisikia kinyaa kikinipanda tena, na safari hii hakikuwa na picha ya mtu mwingine yeyote.

"Hukuelewa kwa sababu sikukuambia," nikamwambia. "Jumanne nesi alisema baba yako hamalizi wiki. Nilijua anakufa. Nikakwambia anakula uji."

Alinitazama. "Na dhoruba? Ulijua inakuja?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyemsomea baba yako."

"Kwamba barabara itafungwa."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya Murang'a, ya kaka yangu na simu ya Thika, lakini usoni mwake hapakuwa na mahali pa kuyaweka. Akauachia mkono wangu. Akaifuta mikono yake kwenye suruali, mara moja, kisha mara ya pili, akaniambia niache ufunguo mezani nikitoka.