Kikombe cha Wawira

Mizani ya zahanati ilitikisika, ikatulia, na Sista Asmaa akaisoma mara mbili. Kisha akafungua kitabu cha kliniki, akaangalia namba ya mwezi uliopita.

"Mama Gatakaa, mtoto amepungua."

Wawira alicheka kidogo, kama mtu anayetaniwa. "Amepungua aje, Sista? Si anakula."

"Anakula nini?"

"Maziwa yangu pekee. Kila asubuhi nakamua vikombe viwili kabla niende kazi, naweka kwa beseni ya maji baridi vile mlitufunza. Baba yake anampa na kikombe. Nikirudi jioni hakuna kitu imebaki."

Sista Asmaa alimkumbuka huyo baba vizuri. Siku ya somo la kukamua, benchi lilikuwa na wanawake kumi na tisa na mwanamume mmoja, Munyi, kofia ameikalisha mapajani. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana, na wanawake wakampigia makofi. Tangu siku hiyo Sista amekuwa akimtaja kwa kila mama anayelalamika kuhusu mume wake. Kwa hiyo hakumshuku.

"Basi hayamtoshi. Nenda umnyonyeshe na mchana. Kazini kwako si karibu? Sheria inakuruhusu."

"Sheria," alisema Wawira, akimfunga mtoto mgongoni.

Sheria ni kitu kizuri. Shida yake ni kwamba huandikiwa watu wenye barua za kazi, na Wawira alikuwa kibarua, jina lake likiandikwa asubuhi kwa kalamu ya risasi na kufutwa likitakiwa kufutwa. Mtoto alikuwa na miezi miwili na nusu. Mama alikuwa amerudi kazini wiki tano zilizopita, maana mjengo aliokuwa akifanyia kazi Munyi ulikuwa umesimama na unga haungoji mtu apate nguvu.

Munyi alikuwa akimngoja kwenye geti la kiwanda cha kahawa. Alimpokea mtoto, akamfunika na leso vizuri, shingo na yote. Wanaume waliokuwa wakishusha magunia walimwona.

"Munyi! Kwani siku hizi ni wewe unanyonyesha?"

"Muulizeni kama yanatoka!"

Alicheka pamoja nao. Munyi alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu. Ndiyo maana watu walimpenda, na ndiyo ilikuwa shida yake.

"Sista anasema amepungua," Wawira alimwambia kwa sauti ya chini.

Munyi alirekebisha leso ambayo haikuwa na kasoro. "Labda mizani yao imeharibika."

"Umpe kikombe chote. Hata akilala, muamshe."

"Sawa, Mama Gatakaa."

Ndani, wanawake walikuwa wamesimama kwenye meza za kuanikia, wakichagua kahawa mbovu kwa vidole. Wawira alimtafuta msimamizi, Gedion, akamweleza mambo ya mizani, akaomba nusu saa ya mchana.

"Wawira, hapa ni kahawa, si nasari," Gedion alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mkubwa wake wa kuogopa. "Nikikupa wewe, kesho kila mtu ako na mtoto. Ukitoka hilo geti, toka kabisa."

Alirudi mezani. Alichagua kahawa mpaka saa saba, na kila alipokumbuka ile namba kwenye kitabu cha kliniki, matiti yalimjaa zaidi, mpaka yakawa magumu kama mawe na blauzi ikalowa mbele. Jirani yake alimpa sweta ajifunike. Wawira alilishika, akalitazama, akalirudisha. Akatoka. Nyuma yake alimsikia Gedion akiita jina lake mara moja.

Kutoka kiwandani hadi nyumbani ni dakika ishirini za kupanda. Alizipanda kwa kumi na tano. Alipita njia ya nyuma, ya migombani, kwa sababu ndiyo fupi.

Munyi alikuwa amechuchumaa chini ya mgomba, amempa kisogo. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki cha bluu, na alikuwa akimimina maziwa yake polepole kwenye shina, kwa adabu, kama mtu anayemwagilia mche wa mgeni. Kikombe cha pili kilikuwa kando yake, kimeshaisha.

"Munyi."

Hakushtuka sana. Alibaki pale pale chini. Pengine alikuwa amechoka kungoja siku hii ifike.

"Tangu lini?"

"Tangu urudi kazi."

Wiki tano. Asubuhi zote zile, akiwa ameketi gizani kwenye kitanda, akijikamua mpaka kidole gumba kinakufa ganzi, akishukuru Mungu kimoyomoyo kwa mume aliyepewa. Hakuna mtu aliyewahi kumuumiza hivyo, na hata sauti hakuwa amempandishia.

Mbele ya nyumba, mama yake Munyi alikuwa kwenye kigoda na mtoto mapajani, na chupa mkononi. Ndani ya chupa mlikuwa na maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji mpaka yakapauka.

"Usimkasirikie, ni mimi nilimwambia," kikongwe alisema. "Maziwa ya mama hukamuliwa mtoto akishazikwa. Mimi nimekamua mara mbili, Wawira. Mara mbili! Matiti yamejaa na hakuna mdomo. Nilikamulia mchangani, huku nikilia. Halafu naona wewe unakamua kwa kikombe, na mtoto ako hai, na ni jina langu amebeba. Unaita nini hapa nyumbani?"

Alikuwa akilia kweli. Wawira alitaka kumchukia na akashindwa, na kushindwa huko kukamuuma pia.

"Mami, hiki kitu unampa ndicho kinammaliza."

"Nililea saba na hicho."

Hakuna aliyetaja wale wawili. Wawira alimgeukia Munyi. "Na wewe? Wewe ulikaa kwa benchi, ukafunzwa. Ulijua."

"Nilijua." Kofia ilikuwa mikononi mwake sasa. "Lakini ningemkataza Mami, na hii nyumba imekaa kwa shamba lake. Na ningekuambia wewe, ungeacha kazi, tungekula nini? Nikaona heri kila mtu akae na amani."

"Na mtoto?"

Munyi aliigeuza kofia mikononi. Yeye si mtu wa kusema uongo ukimwuliza ana kwa ana. Ni kwamba kwa wiki tano hakuna aliyemwuliza.

Wawira alimchukua Gatakaa, akaketi mlangoni, akafungua blauzi. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe. Mtoto aliligusa titi kwa mdomo, akageuza uso. Akamrudisha. Mtoto akajikunja mgongo, akalia, akawa anatafuta ile chuchu ya mpira kwa macho na kwa mikono. Maziwa yalimdondokea shavuni na sikioni. Wawira akambadilisha upande. Akamwimbia. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Wawira alimpigia Sista Asmaa, simu ameibana kwa bega, akamweleza yote.

"Anaweza kurudi kwa titi," Sista alisema. "Wengi hurudi. Lakini ukae naye wiki mbili, mchana na usiku, ngozi kwa ngozi, na maziwa yako umpe kwa kikombe. Chupa itupwe. Umesikia? Usitoke hata kidogo."

"Wiki mbili, Sista?"

"Wiki mbili tu."

Wawira alimshukuru, akakata. Jikoni kulikuwa na unga wa leo na wa kesho. Alimtazama Munyi, mwenye mikono miwili mizima na hakuna wa kumpa kazi, akamtazama mama mkwe, ambaye bado alikuwa amekumbatia chupa, na akajua kuwa yeye akiwa kazini hakuna kikombe kingemfikia mtoto. Halafu akanyoosha mkono, na kikongwe akampa.

Mtoto alinyamaza mara moja. Alinyonya kwa pupa, macho amemkazia mama yake, na mama yake akalia bila kujificha.

"Nenda kwa Gedion kabla wafunge," alimwambia Munyi. "Mwombe asinifute. Mwambie ilikuwa leo tu, na huyu mtoto hatawasumbua tena."