Paipu Mbili za Tinde

Wachimbaji wana ugonjwa mmoja: kwao mpira wa pampu, ule wa kunyonyea maji shimoni, ni dawa ya kila kitu. Wanafungia mizigo, wanafungia mlango wa banda. Nkwabi, mchimbaji wa upande wa Geita, alikuwa ameuunga mpaka kwenye pikapu yake, mahali pa paipu iliyokuwa ikivuja, uwe njia ya kupeleka maji ya rejeta kwenye tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa. Maji yakaacha kuvuja, naye akajiona fundi.

Siku hiyo alikuwa anampeleka mama yake Shinyanga. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni hata mkono wake, na madaktari wa macho waliokuja kwa muda walikuwa wanafanya upasuaji wao wa mwisho. Walipofika Tinde, gari likaanza kufuka mvuke. Nkwabi akafungua boneti, akauona mpira wake umelainika kwa joto la tabo, umejikunja na kupasuka.

Fundi wa pale barabarani, Sabiti, alikuja akifuta mikono. Alimwamkia mama kwanza, ndipo akainama kwenye injini. Nkwabi akamtolea kipande kingine cha mpira ule ule, maana alikuwa nacho cha akiba chini ya kiti. Sabiti akacheka mpaka akashika bampa. Nkwabi akauliza kama haiwezekani basi kuziba tu, tabo ikae bila maji hadi Shinyanga. Sabiti akaacha kucheka. Alisema tabo imeshaungua vya kutosha, na ikikwama njiani, mama atalala porini.

Paipu zenyewe, maana ya pili nayo ilikuwa imeungua, zingeagizwa Mwanza, na zisingefika siku hiyo. Sabiti akaiendea pikapu yake mwenyewe, ya injini ile ile, iliyokuwa imeshapakiwa vitunguu vya kwenda mnadani. Akaanza kufungua paipu zake za chuma. Nkwabi akamshika mkono kumzuia.

"Vitunguu vyangu havina miadi na daktari," Sabiti alisema.

Akazifunga paipu hizo, moja ya kuleta maji kutoka kwenye injini, nyingine ya kuyarudisha, na kila kiungo akakiwekea washa mpya ya shaba. Akajaza rejeta, akaliacha gari likiunguruma mpaka hewa yote ikatoka. Mama alikuwa amekaa garini, akisikiliza spana na kumwombea mtu asiyemjua.

Shinyanga walimkuta muuguzi akikunja mashuka. Akayakunjua tena.

Kesho yake mama alifunguliwa bandeji ya jicho la kwanza. Akamwona mwanawe, akamwambia amekonda, na Nkwabi akalia mbele za watu bila kuona haya. Mama hakutaka kusikia habari ya kwenda nyumbani kabla ya kupita Tinde.

Sabiti alipowaona alificha mikono nyuma, ilikuwa imejaa grisi. Mama akaivuta, akaishika, akamtazama usoni muda mrefu.

"Wabeja, mwanangu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Jana niliishukuru sauti. Nisingekufa nikiwa na amani bila kuuona uso wake."

Sabiti, ambaye Tinde nzima inamjua kwa mizaha, siku hiyo hakupata hata mmoja.