Msumari Mtupu

Fundi alikuwa na haja moja tu siku ile: binti yake amwite baba. Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, na binti naye akafuata mtaa. Mama yake alipofariki, mtoto alilelewa kwa mama yake mkubwa, ambako mume wa mama huyo ndiye aliyeitwa baba, akawa anakuja dukani kupimwa sare za shule kama wateja wengine. "Shikamoo, Fundi," alisema, na akaendelea kusema hivyo mpaka akawa mwanamke mzima. Sasa alikuwa amepata kazi mbali, anaondoka wiki ijayo, na Fundi alishajiona akiitwa Fundi kwenye simu mpaka kaburini.

Ndipo akabuni safari ya kwenda kwenye ule mji wa kale wa migodi, uliong'ang'ania ubavu wa mlima. Alisema anaujua vizuri. Ukweli ni kwamba aliwahi kuuona kwenye kalenda.

Mvua ilianza waliposhuka basi. Binti akafungua mwavuli na kumkaribisha, Fundi akakataa kwa madaha, maana alikuwa amejishonea koti la mvua kwa ajili ya siku hiyo, na koti la mvua bila mvua nani angelisifia? Lakini yeye ni fundi wa suruali na magauni. Koti lilizuia maji yasitoke tu. Kuingia, yaliingia yalivyotaka, kwenye kila mshono. Walipanda ngazi za mawe katikati ya nyumba za wachimbaji zilizobebana, mlango wa huyu ukichungulia paa la yule, na kila Fundi alipoinua mkono kuonyesha kitu, maji yalimteremka hadi kwapani. Binti akauliza kama koti linavuja. Akajibu kwamba hilo ni jasho.

Mlangoni mwa mgodi palikuwa na ubao wa misumari, na kwenye kila msumari kipande cha shaba chenye namba. Mwongoza wageni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akaeleza kwamba wachimbaji wa zamani waliingia na vipande vyao na kuvirudisha wakitoka. Msumari ukibaki mtupu, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka mwenye kipande apatikane. Wageni nao hufuata utaratibu huohuo. Fundi akachukua chake, akakitia mfukoni mwa suruali, akamwambia binti asiogope, yeye yuko nyuma yake.

Alikuwa nyuma yake mpaka kona ya kwanza. Hapo giza likamshinda, na yule mlinzi wa binti akageuka kimyakimya, akatoka mbio, akaupita ubao bila hata kuutupia jicho, mpaka kwenye chumba cha chai. Akaanika koti kando ya jiko, akaagiza chai, akaanza kutunga uongo. Angesema alibaki nyuma kuchunguza miamba.

Kabla hajamaliza kikombe, kengele ikalia. Muuza chai akasema kuna mtu kapotea mgodini, wanatakiwa watu wa kusaidia kumtafuta. Fundi akaona Mungu kamfungulia mlango: sasa binti angemwona baba wa kweli. Akapewa taa na koti la manjano kama walilovaa wenzake wote, lenye kofia iliyomshuka hadi puani, akajitosa. Kwa jinsi alivyojaa sifa, aliipita ile kona bila kuikumbuka.

Ndani zaidi akasikia sauti ya binti yake.

"Baba! Baba, uko wapi?"

Wivu ukamchoma. Hata huku chini ya ardhi, akawaza, anamwita yule mume wa mama yake mkubwa. Sijui yule bwana kafikaje. Akamuuliza aliyekuwa mbele yake ni nani hasa aliyepotea. Akajibiwa kwamba ni baba wa yule dada, mzee mmoja mwenye koti baya, kipande namba kumi na saba.

Fundi akatia mkono mfukoni. Hakuhitaji taa, vidole vilivyozoea vifungo viliisoma namba vyenyewe.

Angeweza kusema palepale. Hakusema. Binti akaita tena, na Fundi, Mungu amsamehe, akasimama gizani akisikiliza kwa raha kama mtu anayetajwa redioni. Alipoitwa tena, sauti ilikuwa ya kilio, na hapo aibu ikaizidi ile raha. Akavua kofia, akajimulika usoni.

"Niko hapa," akasema. "Nilikuwa najitafuta na mimi."

Mwongoza wageni ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakapokea. Binti hakucheka. Alimtazama kutoka juu hadi chini, akafuta macho, akatangulia kutoka.

Fundi akatundika kipande chake, akarudisha koti la watu, akaenda kuchukua la kwake. Jiko lilikuwa limeunguza mkono mmoja. Waliteremka ngazi, binti mbele na mwavuli wake, Fundi nyuma, maji yakimwingia kama kawaida. Moyo ulimuuma. Neno alilolitamani miaka yote amelipata kwa kumliza mtoto, na sasa hatalisikia tena, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe.

Kituoni, binti akamshika mkono na kumvuta chini ya mwavuli.

"Baba," akasema, macho yakiwa barabarani, "koti kama hili usimshonee mtu mwingine."

Mteja yeyote mwingine angepewa visingizio mpaka achoke. Fundi akasogea, akasema sawa.