Kosa la Kugeuka

Jana usiku niliota nimeshitakiwa kwa kosa la kugeuka.

Aliyekuja kunikamata ni kipaza sauti. Kile kinachofungwa juu ya gari wakati wa kampeni, ila safari hii kilikuwa kimeshuka, kimevaa buti, kinatembea chenyewe. Kilibisha hodi kwa adabu.

Nilikuwa chumbani kwa Mama, nimetoka kumlaza ubavu wa kushoto. Mama alipatwa na kiharusi, hawezi kujigeuza. Mgonjwa wa namna hiyo ukimwacha upande mmoja muda mrefu, ngozi inawaka, halafu inachubuka, halafu ni kidonda ambacho hakisikii dawa. Kwa hiyo mimi na dada yangu Tatu tunamgeuza kwa zamu. Kushoto, chali, kulia. Tatu alikuwa amekwenda kwake. Zamu ilikuwa yangu.

Nikakiuliza kipaza sauti kama kesi ni ya godoro. Mimi ni fundi wa magodoro ya sufi, nikadhani mteja kalalamika. Kikasema hapana, kesi ni ya kura. Mara Chungu, mara Ngazi, mara Chungu tena. Hizo ni alama za vyama viwili ambavyo kata yetu inavipokeza kiti, kama watoto wenye baiskeli moja.

Nikakiambia siwezi kuondoka, Mama atataka kugeuzwa sasa hivi. Kikasema shauri lenyewe fupi. Kilisema kwa sauti ileile inayotangaza kwamba maji yatatoka. Nikakifuata.

Nafungua mlango wa uani, nakanyaga kitu laini. Mahakama iko ndani ya godoro.

Si godoro zuri. Ni yale ya zamani ambayo sufi yote imehamia kona moja. Kwenye kona hiyo wamekaa watu wa Mtaa wa Juu, wameinuka kama wako ghorofani, wanakunywa soda. Sisi wengine tuko huku palipobaki kitambaa juu ya kitambaa, na kila anayeketi anagusa mbao za kitanda. Hakuna anayeshangaa. Watu wanasalimiana, wanaulizana hali za watoto.

Hakimu ni mizani ya dukani. Anayumba. Nikamwambia kwa heshima kwamba na yeye anayumba.

"Mimi ni kazi," akasema. "Wewe ni tabia. Kaa."

Nikakaa. Nikagusa mbao.

Walalamikaji walikuwa benchi moja, Chungu na Ngazi, wanakula karanga za karatasi moja. Chungu akaeleza kwamba nilimpenda, nikamwacha bila talaka, nikamrudia bila posa. Ngazi akasema na yeye ni hivyo hivyo, akaomba yasiandikwe tena, wino uokolewe.

Nikamuuliza Chungu alipika nini wakati wake. Akasema alipika sana, nchi nzima ilisikia harufu. Watu wa kona ya sufi wakaitikia kwamba kweli, kilikuwa chakula kitamu. Nikamuuliza Ngazi alimpandisha nani. Akasema waliopanda wote walifika salama, na walipofika wakamvuta juu asije akanyeshewa.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikuona cha kuchekesha.

Kisha ikaitwa kura yangu kutoa ushahidi. Akaingia akichechemea, kikaratasi kizee chenye alama ya vema usoni kama kovu. Hakimu akamuuliza nani anampiga. Akaninyooshea kidole, akasema ndiye huyu, hata jina lake ni mpiga kura, na ananipiga kila uchaguzi. Godoro zima likaguna. Nikainama. Kweli nilikuwa nampiga, na sikuwahi kumuuliza kama anaumia.

"Lakini Mheshimiwa," akasema, "hanipigi kama mtu anavyopiga ngumi. Ananipiga kama mtu anavyopiga hodi."

Hakimu akamshukuru, akaniambia nisimame.

"Fundi. Godoro ukiligeuza, sufi inarudi mahali pake?"

"Hairudi."

"Ili irudi?"

"Unapasua mshono, unaitoa yote, unaichambua, unaijaza upya sawasawa."

Watu wa kona wakaacha kunywa soda.

"Basi kwa nini kila mara unageuza tu?"

Nikamwambia karatasi ninayopewa ina picha mbili, ya chungu na ya ngazi. Nimeitazama mbele na nyuma. Sijaona picha ya wembe.

Nyuma yangu mtu akacheka, akaniita kigeugeu. Sikuhitaji kugeuka ili nimjue. Ni jirani yangu, Mzee Shekiondo, fundi baiskeli. Yeye ni Chungu tangu ujana, na baba yake alikuwa Chungu, na wajukuu ameshawaandikisha kwa mdomo. Kila asubuhi nikimwamkia ananiuliza kama leo niko huku au nimeshahamia kule. Sasa akawatangazia watu kwamba mwanamume halali vitanda viwili. Wakampigia makofi.

Makofi yalipotulia nikasikia sauti ya Mama.

Ukutani pana tundu, pale mshono ulipoachia. Nachungulia. Naona chumba chake, naona kitanda, namwona yeye, kushoto vilevile nilivyomwacha. Anaongea kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki.

"Mbaruku. Ubavu."

Nikaomba ruhusa niende mara moja. Hakimu akasema mshitakiwa hatoki kabla ya hukumu, ila kama nina neno la mwisho niseme. Mimi si msemaji, shule niliiacha njiani. Nikasema lililokuja.

"Mheshimiwa, umewahi kuuguza? Mgonjwa akisema mgeuze, hasemi ubavu wa pili ni mtamu. Anasema huu unawaka. Kugeuza si dawa, hilo najua. Lakini asiyegeuzwa anaoza. Kama hamna dawa, msimtukane anayegeuka."

Mizani akatulia. Kwa mara ya kwanza sahani zake zikawa sawa, nikaona kama nimeshinda. Hapo bwana mmoja wa Mtaa wa Juu akaegemeza kiwiko kwenye sahani moja. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka kukaa. Sahani ikashuka, na hukumu ikasomwa. Nina hatia. Adhabu ni kulala ubavu mmoja hadi kufa, mimi na nyumba yangu yote. Ubavu upi, wakapiga kura ya vijiti. Kikatoka cha kushoto.

Wananilaza. Kipaza sauti kinanikalia kiunoni. Nawaambia ubavu wangu hauna neno, uacheni uoze, ila Mama asiingizwe. Kipaza sauti kinasema nyumba ni nyumba, na Tatu pia asimguse. Mama anaita tena. Safari hii hasemi ubavu, anasema jina langu tu, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Nasukuma, natukana, siinuki hata kidogo.

Watu walikuwa wanaondoka, wanakung'uta sufi kwenye nguo wale walioipata. Aliyebaki ni Mzee Shekiondo, anatafuta kiatu. Sikuwa na mwingine.

"Mzee Shekiondo, shikamoo. Wewe hukuhukumiwa. Nenda ukamgeuze Mama."

"Mimi sijageuza kitu maisha yangu, Mbaruku. Unajua."

"Najua. Nakuomba."

Akatazama huku na huku. Alipoona hakuna mtu, akachuchumaa karibu yangu, akapandisha shati. Ubavu wake wa kushoto wote ulikuwa kidonda kimoja, cha siku nyingi, amekifunika kwa kipande cha bango la mgombea. Mgombea alikuwa anatabasamu.

"Tangu enzi za baba," akasema. "Kinawaka, bwana. Nalala nacho hivyo hivyo. Usiwaambie watu."

Maneno yote niliyokuwa nimemwekea kwa miaka yakaniisha mdomoni. Nikamwambia pole, mzee wangu. Akasema nishapoa, kama watu wanavyojibu hata wasipopoa, akashusha shati.

Akauliza unaanzaje. Nikamwambia apitishe mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, asimburute, ngozi itachubuka. Amvute kwake kwa pamoja, na akishageuka amwekee kitu mgongoni asirudi. Akauliza kitu gani. Nikamwambia chochote, nguo, kitambaa. Akavua kofia yake, ile yenye picha ya chungu ambayo hata mazikoni haivui, akaikunja, akaipima kwa kiganja. Halafu akaanza kujipenyeza kwenye lile tundu, kichwa kwanza, akiguna, na miguu yake ikapotea.

Nikaamka.

Kumekucha. Nilikuwa kwenye mkeka kando ya mlango wa Mama, ubavu wa kushoto umekufa ganzi. Nilikuwa nimekaa pale nisubiri wakati wa kumgeuza, usingizi ukanichukua. Nilikuwa nimemwacha upande mmoja mpaka asubuhi. Niliingia kwake nimeshaona mbele yangu ile ngozi nyekundu, nimeshasikia atakayosema Tatu.

Mama alikuwa amelala ubavu wa kulia.

Nikamgusa nyonga ya kushoto. Ngozi nzima, baridi, kavu. Nikaenda kutazama mlango wa mbele na wa uani, makomeo yalikuwa mahali pake, kwa ndani. Nikarudi. Mgongoni pake, pale ninapoweka kanga iliyokunjwa, palikuwa na kofia. Sikuikunjua. Picha ilionekana nusu, lakini chungu ni chungu.

Nikamuuliza Mama ameamkaje. Akafungua jicho moja.

"Mwambie aje na mchana," akasema. "Mkono wake mwepesi kuliko wako."