Mishale ya Upande wa Pili

Mume wangu alifundisha michezo miaka thelathini na mbili, na wanafunzi wake walimpa jina la Kipenga. Mimi namwita Mwalimu tukiwa na amani, na Kipenga akinichosha. Alipopata kiharusi, mguu wake wa kushoto ulimgomea. Daktari wa mazoezi ya viungo alimwambia bila kumung'unya maneno: atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa na kiti ndicho kitakachokuwa makazi yake.

Mahali pa kutembea palikuwepo. Mimi ni fundi rangi wa chuo kikuu, na njia ya mazoezi inayozunguka chuo niliipaka alama mwenyewe: nguzo fupi za mbao, kila moja na mshale wake wa njano. Inaanzia ukumbi wa michezo, inapita nyuma ya maktaba, inaingia kwenye mikaratusi, kisha inarudi ilikoanzia. Ni kilomita mbili kasoro. Kila jioni nikitoka kazini tuliizunguka pamoja.

Siku ya nne aligoma. Nilimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Siendi."

"Mguu unauma?"

"Mguu hauna neno. Nimechoka kupitwa. Jana nimepitwa na watu arobaini na mmoja. Hata yule mpishi wa bweni kanipita, tena anaongea na simu!"

Nilicheka, na hapo ndipo nilipokosea. Alininunia siku mbili nzima, viatu vikakaa chini ya kitanda, nami nikaingiwa na hofu. Namjua mume wangu. Akishasema hapana, amesema.

Siku iliyofuata msimamizi wangu wa kazi aliniita karakana. Mgeni mmoja alikuwa ameanza kuizunguka njia kwa upande wa pili, hakuona mshale hata mmoja, akaishia kwa wafua nguo.

"Fundi, kwani ulipaka upande mmoja tu?"

Nilitaka kubisha, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilipaka huku natembea, nguzo hadi nguzo, na haikunijia akilini kwamba kuna mtu atatokea huko mbele. Ndiyo maana chuo kizima kilizunguka kwa mwelekeo mmoja, na mwenye mguu mzito hakuona kitu ila migongo ya wenzake. Nilijiona mjinga, halafu nikapata wazo. Asubuhi iliyofuata nilibeba kopo na brashi, nikapaka nguzo zote upande wa pili.

Jioni nikamwambia, "Mwalimu, nimeboronga kazi. Njoo unikagulie kama mishale inaonekana mtu akizunguka kwa upande wa pili."

Kukagua kazi ya mtu hajawahi kukataa. Alivaa viatu vyote viwili.

Safari hii wakimbiaji walitujia kutoka mbele. "Shikamoo, Mwalimu!" alisema wa kwanza, bila hata kupunguza mwendo. Wa pili akapunga mkono. Nyuma ya maktaba tulikutana na mkutubi mmoja ambaye zamani Mwalimu alimfundisha kuruka viunzi. Alisimama kabisa, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu Kipenga! Kumbe ni wewe? Siku zile zote nilikupita, nikaona mgongo wa mzee mwenye fimbo tu!"

Machozi yalimlengalenga Mwalimu, na mimi nikajifanya natazama mshale. Kisha akainua kidevu, akamgeukia kijana aliyekuwa anakuja mbio. "Wewe, legeza mabega! Unakimbia au unabeba gunia?" Kijana akalegeza mabega.

Kwenye mikaratusi nilisimama kufuta rangi iliyochuruzika kwenye nguzo moja. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa ameshafika mbali, anasalimiana na watu wawili. Nilimkimbilia, nikamfikia nikiwa nahema. Alinitazama juu mpaka chini.

"Kesho usinisindikize," alisema. "Unanichelewesha."