Wanaorisiti Ujana

Mwalimu Emiliana anafundisha hisabati, ana miaka hamsini na miwili, ana wajukuu wawili na presha. Siku hiyo nilimkuta ofisi ya walimu analia. Nikajua ni msiba. Nikavua kofia, nikauliza kwa sauti ya msibani, "Ni nani, dada?"

"Maua," akasema. "Wamemfukuza shule."

Nikawapitisha kichwani wanafunzi wetu wote wa hapa Chanika, Handeni, Maua sikumpata. Ndipo akanigeuzia simu. Kumbe Maua ni msichana wa kwenye hadithi. Yuko kidato cha tatu, ana macho "kama nyota mbili zilizopotea njia," na hadithi yake inarushwa kila Jumatano kwenye kundi la WhatsApp la watu mia nne na kitu. Nilipitia majina ya hilo kundi: wauguzi, watendaji wa vijiji, mchungaji mmoja, fundi bomba. Kijana hata wa dawa hamna. Vijana wana kazi za kufanya.

Niseme ukweli, hadithi za vijana sina ugomvi nazo zikisomwa na vijana. Ni uji wao, wanywe wakue. Lakini wewe baba mzima, una ndevu na kitambi, unaingia foleni ya uji wa chekechea umeshika kikombe chako, tena ukishakunywa unasifia, "Jamani, huu uji hauna hata kokoto!" Utakuwaje na kokoto? Umepikwa kwa ajili ya wasio na meno.

Emiliana nilimuuliza anapendea nini. Akasema, "Mwalimu Hiza, humo ndani mapenzi ni safi." Safi, ndiyo. Humo ndani hakuna mkwe, hakuna anayekoroma, mvua hainyeshi mpaka wapatikane wawili wasio na mwavuli. Mimi nina jina langu la hiyo kitu. Naiita kurisiti. Kurisiti si mnakujua? Mtu kafeli kidato cha nne, anajiandikisha upya, anarudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Hawa wanarisiti ujana, tena na majibu wanayo mfukoni. Na mwandishi wao ndiye kiboko: mtihani anatunga mwenyewe, anaufanya mwenyewe, anausahihisha mwenyewe, halafu anajipa A.

"Jumatano iliyopita ungesoma!" Emiliana anafuta machozi. "Yule kijana Patrisi kapiga meza ya mkuu wa shule, kasema, 'Mimba ni yangu, nifukuzeni mimi!' Wanaume wa hivyo siku hizi wako wapi?"

Nikashuka na kidole mpaka chini kabisa, nione jina la mtunzi. Nikalisoma mara mbili.

"Wako Korogwe," nikamwambia. "Wanauza bima."

Kwa sababu huyo mtunzi, Ponsiano, nilisoma naye. Darasa moja, bweni moja, shule ambayo jina nalihifadhi kwa kuwa haikunikosea kitu, Korogwe, mwaka tisini na saba.

*

Jioni yake nikapita kwa Getruda. Getruda ni fundi cherehani, kibanda chake kiko nyuma ya soko, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Naye tulikuwa darasa moja, kwa muda ule alioruhusiwa kuwepo. Nilimkuta amezungukwa na sketi za bluu za marinda, ila zina viuno vya kuingia magunia.

"Watoto wa siku hizi wanakula nini?" nikauliza.

"Watoto gani? Hii ya Mwalimu wako Emiliana." Akainyanyua. "Kiuno arobaini na sita. Hii ya muuguzi. Hii ya mama mchungaji, kaniambia nisimwambie mchungaji. Wanaenda Korogwe Jumamosi, ile hadithi yao ya WhatsApp imekuwa kitabu, *Kengele ya Saa Nne*, kinazinduliwa. Kadi imeandikwa wageni wote wavae sare za shule."

"Nimeiona. Mimi ndiye MC."

Mimi, kwa asiyenijua, ni mwalimu wa diploma Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi ni MC wa harusi, kipaimara na chochote chenye spika. Ponsiano alinipigia mwenyewe, "Hiza kaka, njoo uninogeshee," nami nikakubali kabla sijajua nanogesha nini.

"Loyce kanipigia," Getruda akasema.

Loyce ni binti yake, muuguzi kwenye zahanati huko juu Vugiri, ana miaka ishirini na saba. Jina la baba yake analijua toka mdogo, mama yake hakumficha. Alimwambia: baba yako ni Ponsiano wa Vugiri, na siku tulipoitwa ofisini aliruka kimanga. Basi. Hakuongeza chumvi.

"Amesoma hicho kitabu," Getruda akasema. "Kaniambia, 'Mama, kumbe baba alinikubali. Alipiga meza. Mbona miaka yote uliniambia alikana?' Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni hadithi. Kaniambia, 'Mama, wewe ndiyo una hadithi, yeye ameandika.' Unasikia, Hiza? Eti yeye ameandika! Anasema nilimnyima baba kwa hasira zangu. Jumamosi anaenda kujitambulisha kwake."

Machozi hakutoa. Alichukua mkasi akawa anakata nyuzi ambazo hazikuwepo.

"Nimemlea na hivi vidole," akasema. "Leo naonekana muongo kwa sababu sina kitabu."



*

Sasa nirudi kwenye hiyo siku ya ofisini, maana nilikuwepo.

Posta ya Ponsiano nilikuwa mimi. Barua zake zote kwa Getruda zilipita kwenye soksi yangu. Na alikuwa anaandika kama tulivyoandika wote enzi hizo, karatasi imenyunyiziwa poda: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, ama mimi ni mzima kama chuma cha reli." Lakini kwenye ile ya mwisho alitaka kupanda juu kuliko reli. Akaandika: "Mapenzi yetu yatachanua kama mkonge, mwaka hadi mwaka. Wako, P."

Getruda alizaliwa kambini Ngombezi, baba yake alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Aliposoma hapo alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu mtu wa milimani," akaniambia, "anadhani mkonge ni ua la waridi." Kwa mtoto wa Ngombezi hilo kosa haliwezekani. Ni sawa na mtoto wa mfugaji kusema jogoo amezaa.

Basi, Getruda alipojulikana ana mimba, matroni akapekua tranka lake, barua ikapatikana. Wakaitwa wote wawili. Mimi nikaitwa kama kiranja wa darasa, nikasimamishwa kando ya kabati la mafaili. Mkuu wa shule akaisoma ile barua kwa sauti, poda inamwangukia kwenye suti, akauliza, "Ponsiano, maneno haya ni yako?"

Ponsiano hakupiga meza. Alisimama wima, mikono nyuma, akasema: "Hapana, mwalimu. Mimi kwetu ni Vugiri, kwetu ni migomba na maharage. Mambo ya mkonge nitayajulia wapi? Hayo ni maneno ya kijana wa Ngombezi. Huyu msichana tunakaa darasa moja tu, simjui."

Mkuu wa shule alikuwa mgeni wa mkoa, hajawahi kukanyaga shamba la mkonge. Akaona hoja ina akili. Getruda akageuka akaniangalia mimi. Nilijua alichokuwa anasema na yale macho: wewe unajua hii barua ni ya nani, na unajua mtu wa Ngombezi hawezi kuandika hivi. Nami nikaangalia kabati la mafaili. Posta naye angefukuzwa.

Hilo silitetei. Tofauti yangu na Ponsiano ni kwamba mimi sijalitungia riwaya nikajifanya nilisema.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza Getruda pale kibandani.

"Unipe kipaza sauti," akasema. "Cha swali moja tu."

*

Jumamosi, ukumbi kule Korogwe ulikuwa umejaa kichekesho. Hebu fikiria watu mia wenye vipara na magoti mabovu, wamevaa kaptula na soksi ndefu, vifungo vya mashati vinaomba msamaha. Mwanaume mmoja mwenye mvi alikuwa na chupa ya maji shingoni kama wa chekechea. Walikuwa wanaitana "monita" na "matroni," na kengele ilipogongwa wakapiga makofi. Nikapita katikati yao na kipaza sauti nikiwasifia, ndiyo kazi yangu, lakini rohoni nilikuwa nasema: Mungu wangu, hawa ndio wanaoweka saini kwenye vyeti vyetu.

Ponsiano alikuwa mbele, na beji ya kiranja mkuu, cheo ambacho hakuwahi kukipata. Getruda aliingia akakaa nyuma, kavaa kitenge. Mlangoni walimuuliza sare yake iko wapi, akawaambia, "Nilivuliwa." Wakacheka, wakamwona mtani.

Loyce alikuwa mstari wa pili, kitabu kifuani. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaona kwenye simu yake ile sentensi ya mkonge, Ponsiano kaiingiza kitabuni, naye ameiweka stetasi. Kumbe si yeye tu. Nusu ya ukumbi walikuwa nayo. Emiliana alikuwa ameiandika kwa kalamu ya rangi kwenye tai.

Ponsiano akasoma sura ya kupiga meza. Akapiga meza kweli. Mia nzima ikavuta makamasi. Nikasubiri wamalize, nikasema, "Tuna nafasi ya maswali. Naanzia nyuma," nikampelekea Getruda kipaza sauti. Akasimama.

"Mwandishi, hongera," akasema.

Ponsiano akakunja uso kidogo, akijaribu kukumbuka. Hakumkumbuka. Amemwandika kurasa mia mbili, hakumkumbuka.

"Asante sana, mama yangu," akajibu.

"Mimi nina swali dogo. Kuna maneno humo yametugusa wengi. 'Mapenzi yetu yatachanua kama mkonge, mwaka hadi mwaka.' Matamu sana. Watu wanasema umeyaokota kwa vijana wa Ngombezi. Ni kweli, au ni yako mwenyewe?"

Ukumbi ukaguna. Ponsiano akavimba, ile beji ikainuka.

"Nani anasema hivyo? Hayo maneno ni yangu!" Akagonga kifua. "Yangu mwenyewe, asilimia mia. Niliyaandika kwa mkono wangu, kidato cha tatu, hapahapa Korogwe. Ngombezi hawahusiki hata kidogo. Kuna mtu hapa ndani anaweza kuwa shahidi."

"Yupo," nikasema kwenye kipaza sauti kingine. Imechelewa miaka ishirini na nane, lakini imetoka. "Mimi ndiye niliyeipeleka hiyo barua."

"Haya, mmesikia!" Ponsiano anachekelea.

"Tumesikia," Getruda akasema. "Ahsante. Maana mwaka tisini na saba mkuu wa shule alikuuliza swali hilihili. Ukamwambia wewe ni mtu wa Vugiri, mkonge utaujulia wapi, ni maneno ya kijana wa Ngombezi, na huyu msichana humjui. Mimi ndiye huyo msichana. Sina swali lingine."

Akanirudishia kipaza sauti kama mtu anayerudisha sahani.

Ponsiano akaangalia kitabu, labda aone kama humo ndani kuna jibu. Mwishowe akasema, "Ndugu zangu, hii ni kazi ya kubuni," na ndiyo sentensi pekee ya ukweli niliyomsikia akiisema toka nimfahamu.

Loyce akainuka. Nilidhani anaenda kwa mama yake. Akaenda mbele, akaweka kitabu mezani. Ponsiano, kwa mazoea, akachukua kalamu.

"Nikiandikie jina gani, binti?"

"Si hunijui," Loyce akasema. "Kiache tu."

Akakiacha pale mezani, akarudi akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Mnadhani wasomaji walifanya nini? Walikimbilia meza ya vitabu! "Kumbe ni kisa cha kweli!" mama mchungaji anapiga kelele, anagombania nakala ya pili na yule mzee wa chupa ya maji. Emiliana alinishika shati. "Mwalimu Hiza, nimeelewa vizuri au? Kwa hiyo Patrisi hakupiga meza?"

"Hakupiga, dada."

Akafikiri kidogo. "Lakini kwenye kitabu alipiga," akasema, akaenda kupanga foleni.

Nikazima spika, posho yangu nikawaachia. Nje niliwakuta Getruda na binti yake wamekaa kwenye ngazi wanakula mahindi ya kuchoma, kila mmoja na lake. Loyce alikuwa na simu mkononi, anaifuta ile stetasi.

"Mama, ulijuaje atajibu hivyo?"

"Mtoto alimkana, sikushangaa," Getruda akasema, anatafuna. "Ila nikajua sifa hatazikana."

Loyce amekulia Handeni, sasa anaishi milimani, hakuwahi kukaa kwenye mkonge. "Samahani, mama," akasema. Halafu, "Kwani mkonge unachanua mara ngapi?"

"Mara moja."

"Halafu?"

"Halafu unakufa, mwanangu. Ule mlingoti wanaukata wanajengea banda la mbuzi."