Wajumbe wa Ukoo wa Khang

Pa Houa Khang alikuwa wakili wa kushindwa kesi. Si kwa uzembe, la. Kesi alizozipokea zilikuwa zimeshashindwa kabla hazijamfikia: wapangaji wa mashariki ya mji wa St. Paul waliotolewa vyombo nje katikati ya baridi, vikongwe wa Kihmong, wakimbizi wa kutoka Asia, waliotia sahihi karatasi wasizoweza kuzisoma. Kila Jumamosi alikaa bure kwenye chumba cha chini cha kituo cha jamii, akawasikiliza wazee hao mmoja baada ya mwingine, na wiki iliyofuata akaenda mahakamani kushindwa kwa niaba yao. Siku moja hakimu, mtu mwema tu, alimwambia, "Wakili, mimi sina ugomvi na wewe. Sheria ndiyo hiyo. Nenda ukagombane na walioiandika."

Basi akaenda. Ndivyo alivyoingia kugombea kiti cha bunge la jimbo.

Sasa, mahali hapo, kabla hujafika kwa wapiga kura sharti upite kwenye chama. Na ndani ya chama wanaoamua ni wajumbe, watu wa kawaida wa mitaani, wanaochaguliwa mwezi wa Februari kwa kunyoosha mikono ndani ya madarasa ya shule. Wajumbe hao hukutana siku moja, wakapiga kura, na anayepata wengi ndiye mgombea wa chama. Anayekosa, akiwa muungwana, hufunga virago. Pa Houa aliahidi mbele ya watu kwamba akikosa atajitoa. Mpinzani wake, Halvorsen, kocha mstaafu wa mpira wa magongo wa kwenye barafu, aliahidi hivyo hivyo. Na mtaa ule haujawahi kumpa kiti mtu asiye wa chama hicho. Kwa hiyo siku ya wajumbe ndiyo ilikuwa uchaguzi wenyewe.

Marit, mkutubi mstaafu aliyemwendeshea kampeni, alimwonya mapema. "Tafuta wajumbe kila mahali. Kanisani, kwa walimu, kwa majirani. Usiweke mayai yote kwenye kikapu cha shangazi zako."

Pa Houa alicheka. Marit alikuwa hajui maana ya kuwa na ukoo. Usiku wa uchaguzi wa wajumbe, binamu yake Chue Neng alileta ukoo wa Khang kwa magari, mabibi wamevaa makoti mawili mawili, vijana wametoka kazini na nguo za kazi, na mashemeji waliooa mabinti wa Khang wakaja nyuma. Madarasa yalijaa. Kocha Halvorsen alisimama mlangoni na watu wake wachache, kikombe cha kahawa mkononi, amepigwa butwaa.

"Wajumbe walio wengi ni wetu," Chue Neng alitangaza kwenye maegesho, anapiga makofi kujipasha moto. "Na wajumbe wa akiba nao ni wetu. Mmoja wetu akiugua, anaingia mwingine wetu. Dada, anza kushona nguo za kuapishwa!"

"Wote ni ndugu zako?" Marit aliuliza. "Hata wa akiba?"

"Ndugu ndio hawaangushani," Pa Houa akamjibu. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Wiki chache baadaye akafa baba yake Chue Neng, mzee Nhia Tong, kaka mkubwa wa baba yake Pa Houa. Alikufa usingizini, baada ya kula vizuri, na watu wakasema amekufa kama mtu aliyealikwa. Tatizo likawa ukumbi. Msiba wa Kihmong si wa saa mbili. Ni siku nne, ngoma na zumari la mianzi, ng'ombe na wali, wageni wanaingia tangu asubuhi. Kumbi zenye uwezo huo ni chache na foleni ilikuwa imefika Mei.

"Baba atakaa kwenye jokofu mpaka Mei?" Chue Neng alilia kwenye simu. "Dada, wewe ndiye una mdomo. Ongea nao."

Akaongea nao. Alipiga simu asubuhi na jioni, akabembeleza, akatishia kidogo, akabembeleza tena, mpaka mwenye ukumbi akachoka naye. Familia nyingine ilipoahirisha, nafasi yao akapewa yeye: mwisho wa wiki ya pili ya Aprili. Mkutano wa wajumbe ulikuwa Machi, wiki mbili kabla. Ukoo ulimshukuru kwa machozi. Ndugu wa California wakakata tiketi. Mjane, mama mkubwa wake, alimshika mikono yote miwili akasema, "Hii ndiyo kesi uliyoshinda, mwanangu."

Kisha theluji ikaanguka. Machi inaelekea ukingoni, watu wameshaanza kusahau makoleo ya kuzolea theluji, ikaanguka Ijumaa yote na usiku wote, barabara zikafungwa, na mkutano wa wajumbe ukaahirishwa. Shule ilikuwa na Jumamosi moja tu ambayo ukumbi wake wa michezo ulikuwa wazi. Marit alipompigia kumtajia tarehe, Pa Houa alikuwa jikoni anaosha mchele. Alifunga bomba, akaomba arudiwe tarehe ile, akarudiwa.

"Badilisheni msiba," Marit akasema, halafu akashtuka kwa maneno yake. "Samahani. Sikumaanisha hivyo."

"Nimeipata kwa kupigana, Marit. Nikiiachia, tunarudi Mei. Na watu wako njiani."

"Basi chama kibadilishe."

Chama kilikataa. Hakikukataa kwa ubaya. Kilikataa kwa kanuni, kwamba mkutano ulioahirishwa mara moja hauahirishwi tena ila wajumbe wenyewe wakubali, na asiyekuwepo hapigi kura; na kanuni haina uso wa kuukasirikia. Pa Houa aliisoma kanuni hiyo mara nyingi, kama wakili anavyosoma, akitafuta mlango. Hakuna mlango. Yeye mwenyewe angekuwa hakimu angeamua vile vile, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwanza msibani. Kila mmoja wa wajumbe wake wa ukoo alikuwa humo, na kila mmoja alikuwa na kazi. Siku ya kwanza msimamizi wa msiba, Mzee Xay Pao Moua, aliwapa kila mtu jukumu lake pamoja na vikombe viwili vya pombe, na ukishavinywa umefungwa: hutoki mpaka marehemu awe kaburini. Wapishi walikuwa kwenye masufuria ya nyama, jasho linawatoka. Wanawake walikuwa wanakunja karatasi za dhahabu kuwa mashua, marundo kwa marundo, ili marehemu asifike kule mikono mitupu. Chue Neng na wadogo zake walikuwa karibu na jeneza, vitambaa vyeupe kichwani, wanapiga magoti kila kundi la wageni linapoingia.

Pa Houa alimwendea msimamizi, akainama. "Baba, nina ombi. Ni saa mbili tu. Niwachukue baadhi ya watu, niwarudishe kabla ya chakula cha mchana."

Mzee Xay Pao hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kwa huruma, akamshika mkono, akamgeuza waukabili ukumbi wote. "Haya, mwanangu. Mimi nakuachia. Nionyeshe tu. Unamtaka mpika wali? Ukimchukua, hawa wanakula nini? Unamtaka yule wa ngoma? Unawataka watoto wa marehemu? Ukoo wa Vue uko maegesho, umekuja na ng'ombe wao. Wakiingia wakute nani wa kuwapigia magoti?"

"Nachukua wanawake, basi."

"Chukua. Sema wewe kwa mdomo wako, nami nitawaambia niliambiwa na nani." Akangoja. Alikuwa anangoja kweli, hakuwa anamkejeli. "Sema."

Mwanamke aliyewahi kubishana na mawakili wa makampuni mpaka wakaomba maji ya kunywa, akasimama pale akitazama masufuria, kisha ngoma, kisha jeneza. Mama mkubwa alikuwa anamtazama kutoka upande wa jeneza. Alimtabasamia, akamwonyesha kwa kidole kwa mgeni mmoja wa California, na Pa Houa aliona midomo yake ikisema: huyo ndiye mbunge wetu.

"Nimekosea, baba," akasema. "Nisamehe. Nitaenda peke yangu na nitarudi."

"Umekula?" msimamizi akamuuliza.

Shuleni, viti vya wajumbe wake vilikuwa vitupu, safu kwa safu, kama darasa siku ya likizo. Walikuwepo Marit, mwalimu mmoja, mama wa kanisani na mumewe, na wengine wa kuhesabika kwa vidole. Yule mwalimu alisimama akaomba mkutano uahirishwe wiki moja kwa sababu ya msiba. Mwenyekiti akaeleza kuhusu ukumbi, akaeleza kuhusu kanuni, akaomba kura ya sauti. Sauti za "hapana" zilikuwa nyingi, na wengi wa waliozitoa walikuwa wanatazama viatu vyao.

Kocha Halvorsen alimfuata kando ya jukwaa. Mtu mkubwa, shingo nyekundu, hajui pa kuweka mikono. "Pa Houa, pole sana. Nimewaambia wangu tungoje, nusura wanitoe mimi. Wanasema na wao wameacha kazi, wameacha watoto. Sijui nifanye nini."

"Hata mimi sijui, Kocha."

"Ningependa kukushinda vizuri," akasema, akaona aibu kwa maneno yake mwenyewe.

Alipopanda jukwaani hakusoma hotuba aliyoiandaa. Aliwaeleza juu ya mwanamke mmoja aliyetolewa nje mwezi wa Januari na vyungu vyake vya mboga za dawa, mboga zikaganda zote kabla gari halijafika. Watu walimsikiliza vizuri mno. Wengine walifuta macho. Halafu wakapiga kura kama walivyokuja wamekusudia, maana huruma ni huruma na mjumbe ni mjumbe. Kocha alipita katika duru ya kwanza.

Kuna desturi pale kwamba aliyeshindwa ndiye anayekwenda kwenye kipaza sauti kuomba ukumbi mzima umpitishe mshindi kwa kauli moja. Marit alimwambia si lazima. Pa Houa akasema ni lazima. Akaenda, akaomba, na ukumbi ukaitika "ndiyo" kwa kishindo. Alikuwa wakili, kushindwa kwa adabu alikuwa amekuzoea. Lakini ndani ya gari alikaa na injini imezimwa na mikono mapajani, akahisi hasira kali isiyo na mtu wa kuibeba. Angemkasirikia nani? Marehemu? Theluji?

Alirudi msibani wakati masahani yanatolewa. Chue Neng alimwona kutoka mbali, akapata upenyo kati ya wageni, magoti ya suruali yamechakaa kwa sakafu.

"Vipi? Tumepita?"

"Hapana."

"Hapana vipi?"

"Hamkuwepo, Chue Neng. Kura zilikuwa huku, zinapika."

Chue Neng alijipangusa magoti. Kisha akasema, na alimaanisha kila neno, "Dada, si ungesema tu? Tungekuja. Ungesema tu neno moja, mimi ningeinuka hata hapo kando ya baba."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Shangazi mmoja aliyekuwa karibu akadakia, mashua ya karatasi mkononi, "Ungesema, mwanangu. Sisi tulikuwa tunangoja useme." Na mwingine akaitikia, na mwingine. Wote walikuwa wanangoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anadanganya, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kujiondokea mwenyewe bila kusemewa. Pa Houa aliwatazama, akawapenda na kuwachukia kwa wakati mmoja, akaenda kunawa mikono.

Alikuwa bado anajifunga kitambaa cheupe msimamizi alipoita kutoka mlangoni kwamba kundi jingine la wageni limefika. Ukoo ukajipanga: wana wa marehemu mbele, wajomba na mashemeji nyuma yao, wanawake nyuma zaidi. Pa Houa akaingia safu yake. Mlangoni alisimama Kocha Halvorsen na mkewe, Marit na wajumbe kadhaa kutoka shuleni, makoti yao ya Jumapili, na mke wa Kocha amekumbatia bakuli la viazi na nyama lililofunikwa kitambaa. Walikuwa wamekuja kutoa pole, kama majirani.

Na mgeni wa msiba ni mgeni wa msiba. Zumari likalia, na wote wakaenda chini kwa pamoja: Chue Neng, wadogo zake, mpika wali na aproni yake, mashangazi, kila mjumbe na kila mjumbe wa akiba, magoti na mapaji ya uso sakafuni mbele ya Kocha Halvorsen.

Kocha alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alitazama huku na huku, asione wa kumsaidia, mpaka akamtambua Pa Houa nyuma kule, akapita pembeni akachutama karibu yake.

"Tafadhali," akanong'ona. "Waambie wasifanye hivi. Nifanye nini?"

"Hawawezi kuinuka mpaka uwaambie," Pa Houa akajibu, uso ukiwa sakafuni. "Sema inukeni. Kwa Kihmong." Akamfundisha neno.

Kocha alisimama, akakohoa, akalitamka vibaya, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea viwanja. Ukoo wa Khang ukainuka.

Pa Houa alibaki chini. Mama mkubwa alikuja taratibu, akamwekea mkono mgongoni, akamwambia alie tu, asione haya, marehemu alimpenda sana.